Sentensi Moja ya Kobe

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule Jumatano na kazi ya Kiingereza, akaibwaga juu ya meza ninayokatia vitambaa, pale pale nilipokuwa nimechora mgongo wa gauni kwa chaki.

"Bibi, nipe sentensi kumi za kulinganisha watu wanavyofanya kazi. Wewe sema Kiswahili, mimi nitageuza."

Nikamwambia kwanza aondoe daftari, litanifutia chaki. Akaliondoa. Nikauchukua mkasi lakini sikukata. Maneno hayo niliwahi kuambiwa kwenye meza hiyo hiyo miaka ishirini na mitatu nyuma, na aliyeniambia ni mama yake mdogo, mwanangu wa pili.

"Bibi, umelala?"

"Sijalala. Natafuta sentensi."

"Basi tafuta upesi, nina hesabu pia."

Nina watoto wawili, wote wa kike. Wa kwanza, mama yake mjukuu huyu, nyumba nzima inamwita Dada, na mimi niliyemzaa namwita hivyo hivyo. Wa pili tulimwita Kobe. Jina hilo nilimpa mimi. Alichelewa kutembea, na alipoanza alitembea kama mtu anayejaribu sakafu kama itambeba. Nilikuwa nikisema ni jina la mapenzi.

Wakati ule tulikuwa tunashona sare za shule, sisi watatu, kwenye chumba cha mbele. Cherehani mbili zilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na pasi juu ya blanketi lililokunjwa mara nne kwenye kona. Dada alikuwa na mkono mwepesi. Ukimpa kola ishirini asubuhi, kabla jua halijafika kwenye kizingiti amezimaliza na anakuuliza zilizobaki ziko wapi. Kobe alishona kola nne, akazigeuza, akazitazama, akarudia moja. Mimi nilikuwa mtu wa kazi, nilikuwa na shule za kuwapelekea mashati, na macho yangu yalikuwa kwa yule anayenimalizia lundo.

Mwaka ule hoteli moja kubwa ilikuwa inajengwa barabara ya juu, na watu wakasema watachukua wasichana wa mapokezi, ilimradi wanajua Kiingereza. Kobe alikuwa na miaka kumi na tisa. Akajiandikisha masomo ya mchana, mara tatu kwa wiki, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha sebuleni kwake. Nilimruhusu. Dada alimtania, "Kobe, mpaka ufike mapokezi wageni watakuwa wamesharudi kwao." Kobe akacheka, akachukua daftari lake akaenda.

Wiki ya tano mwalimu akawaingiza kwenye kulinganisha. Kobe alirudi akanieleza huku anapiga pasi, na alikuwa mwelezaji mzuri, nakumbuka mpaka leo. Alisema Mwingereza haridhiki kusema fulani anafanya jambo vizuri zaidi, akaishia hapo. Kitendo kinatangulia, nyuma yake kinafuata kikolezo, halafu ndiyo inakuja namna kitendo kilivyofanyika. Kikolezo ni kama chumvi, kuna ya kijiko na ya kubana kwa vidole. Anashona machi fasta, yaani haraka zaidi sana. Anaimba fa beta. Ukitaka kidogo tu, unasema ebiti beta.

"Kwa nini wasiseme veri?" nikamuuliza. Hilo neno nililijua tangu darasa la saba, nilikoishia.

"Veri haikai hapo, Mama. Mwalimu anasema ukiiweka hapo wanakutazama."

"Sisi tunasemaje?"

Akafikiri, pasi ikiwa juu. "Tunasema kamzidi kwa mbali."

Nikaipenda hiyo. Mwalimu alikuwa amewaambia kila siku watafute mtu nyumbani awape sentensi kumi za watu wanaowajua, wakifanya kazi wanazozijua, wao wazigeuze papo hapo bila kuandika, ili ulimi uzoee. Kobe akanichagua mimi. Kwa wiki tatu, kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi nakata, Dada anashona, Kobe anapiga pasi na kugeuza sentensi.

Nilizitoa wapi sentensi? Nilizitoa pale pale nilipokuwa natazama.

"Dada anashona haraka kuliko Kobe, kwa mbali."

Kobe anageuza.

"Dada anaongea na wateja vizuri kuliko Kobe, tena sana."

Anageuza.

"Mama anaamka mapema kuliko Kobe. Hiyo weka chumvi ya kijiko."

Dada anakufa kwa kicheko juu ya cherehani. Kobe anageuza, bila kukwama, na sauti yake ilikuwa safi kama ya redioni. Nami nilikuwa najisikia mwalimu. Nilifika mahali nikawa nasikia mwenyewe akiisahau ile machi, namrudisha. Nilimpa sentensi kumi kwa siku, wiki tatu, na ukiniuliza leo sikumbuki hata moja ambayo Kobe alikuwa mbele. Siku zote alikuwa yule anayekuja baada ya neno kuliko.

Sikufanya kwa ubaya. Nalisema hilo kisha naliangalia, na halinisaidii.

Kuna siku aliniomba. Alikuwa ananyoosha shati, anaizungusha pasi kwenye kifungo polepole asikichome. Akasema, bila kuinua macho, "Mama, leo nipe moja ambayo mimi nimemzidi mtu."

"Ngoja nifikirie," nikasema.

Nilikuwa na kitambaa cha kijani mkononi na kilikuwa kinateleza. Nikafika mwisho wa mkato, mteja akabisha hodi, nikaenda mlangoni. Niliporudi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Lile shati alikuwa amelimaliza, amelikunja, na alikuwa amesimama tu mbele ya blanketi, mkono juu ya mpini wa pasi. Nikamwambia, "Umesimama nini, lundo hilo linakungoja."

Wiki hiyo hiyo ndipo yalipotokea yale ya mifuko. Tulikuwa na mashati meupe sitini na manne ya shule moja, yenye mfuko wa kifuani uliotariziwa nembo. Mfuko wa shati unakaa kushoto, kila mtu anajua. Dada aliyapanga mashati yakiwa yamegeuzwa, akakanyaga cherehani kwa kasi yake ile, na alipomaliza, mifuko yote sitini na minne ilikuwa upande wa kulia. Ilikuwa Jumatatu. Mashati yalitakiwa Alhamisi.

Dada aliketi chini akashika kichwa. Mimi nilianza kufumua, nikavuta uzi, kitambaa kikachanika kwa urefu wa kidole. Kitambaa cheupe cha aina ile ni chembamba, hakisamehe. Kobe akanichukulia shati mkononi taratibu.

"Mama, niachie mimi."

Alichukua nusu ya wembe, akaichomeka kwenye kizibo cha chupa ili ashike vizuri. Akakaa dirishani. Anakata mshono mmoja, anaruka mitatu, anakata mmoja, kisha anageuza upande wa pili na kuvuta uzi wote kwa mara moja, unatoka mzima kama unywele. Kisha anaweka kitambaa chenye unyevu, anapitisha pasi, na yale matundu ya sindano yanafumba. Ungetazama usingejua kama palikuwa na mfuko. Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mashati sitini na matatu, na halikuchanika hata moja. Lililochanika lilikuwa langu. Dada alishona mifuko upya, upande wake, na Alhamisi mashati yakaenda.

Na mimi nikamsifu Dada. Nilisema, "Umeona, ameshona mara mbili na bado amewahi." Siku hiyo mchana nikatoa sentensi kumi kama kawaida. Kufumua sikukuhesabu kuwa kazi. Kwangu kazi ilikuwa kushona, na kufumua ni hasara ya kushona.

Jumatatu iliyofuata Kobe alikwenda hotelini kwenye usaili. Alivaa sketi ya bluu niliyomshonea. Alirudi saa nane, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Wamesemaje?" Dada akamuuliza.

"Wamesema Kiingereza changu kizuri."

"Basi umepata."

"Subiri." Akawa anatabasamu. "Walikuwa watatu. Mama mmoja akaniambia, tuambie habari zako, na kwa nini unaifaa kazi hii. Nikafungua mdomo. Unajua nilichosema? Nilisema dada yangu anafanya kazi haraka kuliko mimi, kwa mbali. Nikasema dada yangu anaongea na wateja vizuri kuliko mimi. Nikasema mama yangu anaamka mapema. Zilitoka zenyewe, Mama, moja baada ya nyingine, na zote hazina kosa. Sikuwa na nyingine."

"Wakasemaje?"

"Yule mama akafunga faili. Akasema, sasa kwa nini tusimwite dada yako?"

Tulicheka. Dada alicheka mpaka bobini ya uzi ikamponyoka ikaviringika chini ya meza. Mimi nilicheka kuliko wote, nikafuta machozi kwa pindo la kitambaa cha mteja. Kobe naye alicheka. Akainama, akaitafuta bobini chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko bobini inavyohitaji. Alipotoka alimpa Dada, akaenda kubadilisha ile sketi.

Hawakumwita. Mwezi uliofuata shangazi yake, anayeishi mji wa mbali, safari ya siku mbili, akaandika kwamba hospitali ya huko inapokea wanafunzi wa uuguzi. Kobe aliondoka na mfuko mmoja na lile daftari. Kwenye mlango nilimwambia, "Ukifika huko uchangamke, Kobe. Watu wa huko hawangoji mtu." Hayo ndiyo masurufu niliyomfungia ya njiani.

Hajawahi kunikosea adabu. Hupiga simu kila tarehe mosi, ananiuliza magoti, macho, presha. Anajibu ninachomuuliza. Tunamaliza kwa dakika sita au saba. Likizo zake huwa anabadilishana na wenzake wenye watoto wadogo, ndivyo anavyosema, na mara ya mwisho kulala nyumbani kwangu ni miaka sita iliyopita, usiku mmoja, alipokuja na gari la hospitali. Mwaka huu nina miaka sabini na moja. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, mwanangu aje akae, aje bila kutazama saa. Sikuwahi kujua nimwambie nini ili aje. Kila nikimwambia njoo, ananijibu, "Tutaona, Mama," kwa ile sauti safi.

"Bibi," mjukuu akaniita tena. "Anza basi. Mfano, Mama anashona haraka kuliko Mama Mdogo."

"Hiyo hapana."

Akainua kichwa. "Kwa nini? Si kweli?"

"Kweli. Lakini imeshasemwa sana. Andika hii. Mama yako Mdogo anafumua vizuri kuliko mimi na mama yako. Kwa mbali."

"Kufumua nini?"

Nikamweleza habari ya mifuko, yote, mpaka kizibo cha chupa. Aliacha kalamu akasikiliza. Dada alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, ananishonea gauni la kuvaa nyumbani, na mguu wake ulisimama kwenye kikanyagio.

"Kweli bwana," Dada akasema. "Yale mashati. Mimi nilikuwa nimekwisha siku ile."

"Mbona hujawahi kulisema?" nikamuuliza.

"Wewe uliwahi kulisema, Mama?"

Mjukuu akaigeuza sentensi, akaisoma kwa sauti, machi beta ikiwa mahali pake, akaniuliza ya pili. Nikataka zote kumi ziwe za Kobe. Nilikusudia hivyo. Ya pili ilikuwa anapiga pasi kwa uangalifu kuliko sisi. Ya tatu, anaeleza jambo kwa ufasaha kuliko mwalimu wake. Ya nne nikahangaika. Nilijua alikuwa anacheka kimya kuliko Dada, lakini hiyo ni sentensi gani; nikaitaja hivyo hivyo, mjukuu akaiandika. Nikatafuta alivyokuwa anapika, alivyokuwa anaimba, kama alikuwa anaimba. Nilikaa na mtoto chumba kimoja miaka kumi na tisa, na nilipotafuta anachofanya vizuri nilipata vitatu na nusu. Si kwamba havikuwepo. Nilikuwa natazama cherehani ya pili.

"Zimebaki sita, Bibi."

"Sita zilizobaki tunga mwenyewe. Kanipigie simu."

"Kwa nani? Leo si tarehe mosi."

"Najua tarehe."

Ilikuwa saa kumi na robo, saa ambayo aliwahi kuniambia wanakunywa chai. Ikaita mara nyingi. Akapokea akiwa na wasiwasi.

"Mama? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nina sentensi yako."

"Sentensi?"

"Uliniomba moja ambayo wewe umemzidi mtu. Nikakwambia ngoja nifikirie."

Huko kwake vikombe vilikuwa vinagongana, mtu anaongea nyuma. Kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua. Alikuwa ametoka nje, au ameingia chumba kingine.

"Endelea, Mama."

Nikasema. "Unafumua vizuri kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Mashati sitini na matatu hayakuchanika. Langu lilichanika."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Kwa mbali, Mama?" akauliza.

"Kwa mbali."

"Hapa mimi ndiye ninayetoa nyuzi za vidonda," akasema, polepole, kama alivyokuwa akipita sakafuni alipokuwa mdogo. "Watu wakishashonwa, wakipona, wanarudi kutolewa nyuzi. Wanakaa foleni yangu, hata kama kwa mwenzangu hakuna mtu. Kuna mzee mmoja alinisubiri tangu asubuhi. Aliniambia hiyo sentensi, Mama. Karibu hivyo hivyo ulivyoisema. Nilikuwa na miaka thelathini na moja."

"Hukuniambia kwamba unatoa nyuzi."

"Hukuuliza ninafanya nini. Unaniuliza kama ninafanya kazi vizuri, nakujibu ndiyo."

Ilikuwa kweli. Ndivyo ninavyouliza.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe siku nyingi. Sina kinyongo." Akavuta pumzi. "Ila ningeipata ile siku ya pasi, ningeingia nayo pale hotelini. Sasa naisikia, na nimefurahi kuisikia, lakini haina mahali pa kwenda. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nina watu wananingoja."

"Nenda, mama. Utakuja likizo?"

"Tutaona," akasema. Halafu, kabla hajakata, "Nitakupigia Jumapili."

Jumapili ilikuwa tarehe kumi na tisa. Nikaiweka simu juu ya meza. Mjukuu alikuwa ameshamaliza zile sita, zote zinamhusu yeye mwenyewe, kila sentensi anamzidi mwanafunzi mmoja wa darasani kwao. Nikamwambia abadilishe mbili amsifu mwenzake. Akasema kazi imeisha.

Dada akakata uzi, akalikung'uta lile gauni, akanipimia mabegani. Akasita. Akalishusha, akalitazama, akaniangalia mimi.

"Mama, usicheke."

Mfuko ulikuwa kulia. Mimi ninashika vitu kwa mkono wa kushoto, anajua maisha yake yote, na nilikuwa nimechora chaki upande wa kushoto.

"Lete wembe nifumue," akasema. "Dakika tano."

"Hapana."

"Nitafumua taratibu."

"Hujui taratibu, Dada. Litundike."

"Mpaka lini?"

Nikamwonyesha msumari uliokuwa nyuma ya mlango. Alilitundika gauni langu pale, mfuko upande usio wake, kisha akarudi kwenye cherehani na akakaa bila kukanyaga.

"Na Kobe asipokuja?" akaniuliza.

Nikachukua chaki, nikaanza kuchora upya ule mgongo wa gauni la mteja uliofutika pale daftari lilipolala. Dada akangoja kidogo, kisha akainama kwenye kazi yake, na safari hii nilimsikia anashona polepole.